Lengalenga ya Juu ya Nyumba

Miye ni Kavuo. Tunakaa Mususa, mu muji wa Butembo, inchi ya Kongo, miye, bwana yangu Mathe na batoto ine; Delphin ndiye wa kwanza. Mwaka wa 2001, wakati wa vita, shamba yetu ilikuwa mbali, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kila asubui nilibeba jembe na kitunga, nikaenda.

Ku njia kulikuwa bariere ya basoda, kizuizi ya baaskari wenye bunduki. Kila siku balininyanganya nusu ya mboga. Siku moja balikamata jembe pia. Mukubwa yao akasema: "Kesho ukipita hapa, hautarudi kwako." Bamama babili ya avenue yetu, mutaa yetu, balishikwa pale, hatukubaona tena.

Nilifika nyumbani na kitunga tupu. "Mathe, pale siendi tena," nikasema. "Na batoto batakula: nitalima hapa hapa kwetu. Basoda hapana batuchagulie kama tutakula ao tutalala njaa."

Mathe akacheka kidogo. "Lakini utalima wapi? Mu parcelle yetu, hii kiwanja kidogo, hata kuku anakosa fasi ya kusimama."

Nilimuonyesha juu. Nyumba yetu iko na dalle, ile simenti ya kufunika nyumba. Mathe alitaka kuongeza étage, gorofa ingine juu yake, vita ikakatala.

Basi nikafanya kosa. Sisi batu ya milima, tukisema shamba, tunaona udongo mingi na matuta. Wiki muzima nilipandisha udongo mu beseni. Nikamwaga katikati ya dalle, kimo ya goti. Nikapiga matuta vile mama yangu alinifundishaka. Nikapanda lengalenga, ile mboga ya majani bengine banaita mchicha.

Mvua ikanyesha siku tatu. Maji ilikosa pa kupita. Ikavuya ku kitanda ya batoto, na ufa ikaonekana ku dalle.

"Shusha udongo yako leo," Mathe akasema. "Nyumba itatuangukia. Utarudi ku shamba sawa benzako."

Nililia, na ilikuwa machozi ya hasira. Kurudi ku bariere? Miye?

Jirani yetu Papa Abdias, fundi wa kujenga, alisikia makelele yetu. Akapanda ngazi, akaangalia ufa, akagonga simenti na nyundo.

"Mama Delphin, wazo yako ni muzuri," akasema. "Ni fasi tu ulikosea. Udongo yenye kulowana ni nzito sana, na uliiweka katikati, fasi dalle iko zaifu. Uzito ikae ku kando, pale ukuta inaibeba."

"Na maji, Papa Abdias?" nikauliza.

"Maji itatafuta njia. Usipoipatia, itapita mu nyumba yako. Leta gunia."

Tulishusha udongo karibu yote. Papa Abdias akaziba ufa na simenti, akafungua tundu ya maji ku kando. Kisha akapanga matofali ku kando ya dalle, pale ukuta inaibeba, gunia isikae mu maji. Akachukua boîte ya maziwa, kopo isiyo na chini wala juu, akaisimamisha katikati ya gunia. Ndani tukaweka mawe ndogo ndogo. Kando kando ya boîte tukajaza udongo na mbolea ya mbuzi yenye kuoza. Akavuta boîte juu, mawe ikabaki. Tukarudilia vile mupaka gunia ikajaa.

"Maji unamwaga ku mawe," akasema. "Itashuka mupaka chini. Sasa toboa gunia ku mbavu, panda miche mu kila tundu."

"Na mutu asiye na dalle?" Mathe akauliza. Alikuwa anashika gunia kwa mikono mbili.

"Anasimamisha gunia ku ukuta, chini. Ni ile ile."

Kidole kimoja hakivunje chawa. Hadjara, jirani yetu muuzaji wa bitenge, hana dalle. Alisimamisha gunia ine ku ukuta yake. Wengine bakamufuata. Baada ya miezi mbili, bamama ya avenue yetu baliacha ile njia ya bariere.

Batoto yangu balikula bugali na lengalenga, na nikapata ya kuuza. Siku moja, ku soko, bamama balikuwa bamepanga mulongo, moja nyuma ya mwingine, kununua kwangu, Hadjara ku mwisho; yule mukubwa ya bariere akakuja kusimama mbele yangu. Akaangalia kitunga yangu. Ilikuwa imejaa mupaka juu.

"Mama, siku hizi hatukuone ku njia."

"Na hamutaniona," nikamujibu. "Kama unataka lengalenga, panga mulongo."

Akaangalia bamama bote. Bamama bote nao bakamuangalia.

Akapanga mulongo, nyuma ya Hadjara.