Spika za Harusi Chini ya Kitanda

Saa kumi na mbili na robo jioni, Jumatano, tarehe 6 Aprili 1983, lori la mgambo lilisimama mwanzo wa Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, na redio za mtaa zikaanza kuzimwa, nyumba baada ya nyumba.

Muziki ulibaki katika chumba kimoja tu. Kilikuwa cha Scholastika, mwalimu wa fizikia. Mchumba wake, Kasmir, alikuwa amekaa sakafuni amefumba macho, mgongo ukutani, spika mbili nyeusi mbele yake.

"Unasikia?" alisema. "Besi imeshuka. Wiki ile zilikuwa kavu kama debe."

"Zima."

"Sikiliza kwanza hapa anapoingia mpiga gitaa..."

"Kasmir, lori limesimama. Zima!"

Alifumbua macho, akazungusha kitufe cha redio. Kimya. Nje walisikia ubao wa nyuma wa lori ukishushwa, viatu vikigonga lami, kisha mtu akacheka. Hakuna aliyecheka naye.

Viatu vilipita. Havikuingia.

Spika zile hazikuwa na risiti. Zilipita Rombo kwa njia za panya, kwa kuwa mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa. Kasmir, aliyekuwa akitengeneza redio katika duka la baba yake mdogo, Tarsis, alizileta mwezi Machi na kusema ni za harusi yao, Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Alisema pia kwamba spika mpya hazilii vizuri mpaka zilainike, na kulainika kwake ni kupigwa muda mrefu bila kupumzishwa. Schola aziwashe akienda shule, azizime akirudi. Ili zisisikike nje, alizielekeza uso kwa uso, akageuza nyaya za moja ili hii ikisukuma hewa ile ivute, kisha akazifunika kwa godoro. Hapo Schola hakubisha. Kwa kanuni za sauti, hesabu ilikuwa sahihi.

Siku chache baadaye ulianza msako wa wahujumu uchumi. Watu walichukuliwa kwa ajili ya sabuni, betri, hata vitenge.

"Kwa sauti hii," Kasmir alinong'ona, "zimeshapigwa si chini ya saa mia."

"Hazijamaliza nusu saa."

"Nini?"

"Siku ya kwanza niliziwasha, nikaenda kuoga. Bi Waridi akanifuata mpaka mlango wa bafu. Akasema, 'Mwalimu, chumbani kwako kuna mwanamume anakoroma, mgeuze alale ubavu.' Nikarudi nikachomoa waya. Tangu hapo zinalia ukija wewe tu, wimbo mmoja, miwili."

Kasmir alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

"Wiki iliyopita ulisema zimeanza kulegea," Schola aliendelea. "Pasaka ukasema zimefunguka. Leo besi imeshuka. Spika ambazo hazikupigwa, Kasmir."

"Labda kwa hizo nyimbo mbili tatu..."

"Karatasi ya spika na mkunjo wake wa pembeni hulegea kidogo mwanzoni, basi. Kingine kinachozoea ni sikio."

"Mimi nafungua redio tangu nikiwa na miaka kumi na mitano."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe, simuulizi muuza nyanya. Ama sikio lako limekosea mara tatu, ama unajua ukweli na kuna sababu nyingine unataka zikae kwangu. Ni ipi?"

Kasmir alitazama mlango.

"Jirani yenu wa dukani, Baba Candida, alichukuliwa lini?" Schola aliuliza.

"Wiki iliyopita. Alhamisi."

"Ijumaa Kuu ukaja hapa jioni kuniambia nisithubutu kuzitoa, kwamba zikihamishwa kabla hazijalainika zitaharibika. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimefunga, kichwa kinaniuma."

"Schola, ni spika zetu. Za harusi yetu."

"Zikikutwa, zitakuwa zimekutwa kwa nani?"

Kasmir aliinama akachomoa waya wa spika.

"Kesho zitoke."

"Nizitoe vipi? Kila kona kuna mgambo!"

"Uliziingiza vipi?"

"Kwa mkokoteni. Chini ya mikungu ya ndizi."

"Ndizi hazijaisha Dar es Salaam. Kesho."

Waliziingiza pamoja chini ya kitanda. Kasmir alipoaga alitaka kumshika mkono. Schola alimfungulia mlango.

Asubuhi Bi Waridi, mwenye nyumba, alikuwa uani akichochea mkaa.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Umezisikia habari za Jangwani? Vitenge vipya, doti kwa doti, vimetupwa kwenye tope. Na redio. Na vyerehani. Watu wanapita, wanatazama pembeni, hakuna wa kuinama kuokota."

"Sijasikia."

"Basi sikia." Alishusha sauti. "Mimi sikuulizi. Ila kama kuna kitu, Jangwani si mbali."

"Sina kitu, Bi."

Bi Waridi alirudi kwenye mkaa wake. "Haya, mwalimu. Kanywe chai, uso wako umepauka."

Saa nne, wakati wa mapumziko, Schola aliomba simu katika ofisi ya shule. Karani alikuwa mezani akichapa mtihani, hivyo ilibidi aseme kwa kuzunguka.

"Kasmir? Zile ndizi unazichukua leo?"

"Ndizi gani? ... Aa. Mpenzi, usiseme kwenye simu."

"Nasema ndizi."

"Leo haiwezekani. Wako nje ya duka letu, wanahesabu mali ya jirani. Nikitoka na mkokoteni watanifuata."

"Kwa hiyo?"

"Jumamosi. Vumilia mpaka Jumamosi. Chumba cha mwalimu wa kike nani atakipekua?"

Karani aliacha kuchapa.

"Rudia hilo la mwisho," Schola alisema.

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Walikuja jioni hiyo hiyo. Mbele alitembea Mzee Awadhi, balozi wa nyumba kumi, kofia yake mkononi kama mtu anayeingia msibani. Nyuma yake walikuwa mgambo wawili na askari polisi mmoja mwenye tochi.

"Hodi humu. Bi Waridi, ni sisi."

"Nawaona. Mnatafuta nini kwangu, Awadhi? Mimi nina kuku watatu na mpangaji mwalimu."

"Ni kazi, dada yangu. Tunapita nyumba zote."

Walianza chumba cha mbele. Schola alisimama katikati ya chumba chake, mlango wazi, akisikia makabati yakifunguliwa. Aliwaza dirisha: lilikuwa na nondo. Aliwaza uani: kulikuwa na mgambo. Hakubakiwa na la tatu. Kisha wakafika mlangoni kwake.

"Shikamoo, Mzee Awadhi."

"Marahaba, mwalimu. Samahani sana. Ni dakika moja tu."

Askari alimulika ukuta, meza, rafu ya vitabu. Kisha akainama.

"Hiki nini?"

Mgambo walizivuta. Zilikwaruza sakafu ya saruji kwa mlio mrefu, na Mzee Awadhi akafumba macho.

"Za nani hizi, mwalimu?" askari aliuliza.

"Za mchumba wangu. Za harusi."

"Risiti?"

"Sina."

"Mchumba yuko wapi?"

"Dukani kwao, mtaa wa tatu kutoka hapa."

"Wote wanasema hivyo, dada. Kila mali ina mwenyewe, na mwenyewe hayupo."

Bi Waridi alimfunga khanga mabegani. Mtaa mzima ulikuwa barazani walipotoka, na mtaa mzima ulitazama chini.

Kituoni spika ziliwekwa kando ya kaunta, juu ya marobota ya nguo. Kwenye benchi alikuwapo mama mmoja, Paskalina, aliyekamatwa na katoni ya sabuni, akilia bila sauti. Afande wa zamu alikuwa mtu mzima, mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mwalimu, nitakusaidia," alisema. "Nipe namba ya duka. Akija akakiri, wewe unakwenda nyumbani kama shahidi. Asipokuja, mali ni ya aliyekutwa nayo, na kesho jina lako linapelekwa juu. Kule juu mimi sina usemi."

Schola aliitaja, afande akaizungusha. Ilipokewa mara moja.

"Haloo, namtaka Kasmir."

Schola, upande wa pili wa kaunta, aliisikia sauti ikitoka kwenye simu. Ilikuwa nene, imevutwa kutoka kifuani, kama ya mzee.

"Kasmir hayupo. Amesafiri. Ameenda Moshi tangu juzi."

"Naomba mimi, afande," Schola alisema.

Afande alimpa simu.

"Kasmir."

Aliisikia pumzi.

"Kasmir, niko kituoni. Wamezikuta."

"Hayupo, dada," sauti ile nene ilisema. Simu ikakatwa.

Afande aliichukua simu mkononi mwake taratibu, akairudisha mahali pake.

"Ndiye?"

"Ndiye."

"Una hakika?"

"Hata ainenepeshe vipi, ile sauti naijua."

"Nakuamini. Lakini sauti ya simu si ushahidi, mwalimu. Ushahidi ni hizi mbili hapa, na zilikuwa chini ya kitanda chako."

Schola alirudi kwenye benchi. Paskalina alimsogezea nafasi.

"Mwanamume?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Wa kwangu aliruka ukuta. Ana kitambi, lakini aliruka."

Schola hakulia. Alijaribu kupanga mambo kwa utaratibu: kazi itakwenda, mama yake atasikia kwa watu, kitanda chake atakilalia mwingine. Kila alipofika kwenye lile "dada" la kwenye simu, mpangilio ulivurugika akaanza upya. Gari lilipoingia uani na taa zake kupita ukutani, yeye na Paskalina walishikana mikono kama watu waliojuana miaka mingi. Halikuwa lao. Lilishusha mwingine.

Kisha mlango ulisukumwa, akaingia Kasmir.

Vifungo vya shati alikuwa amevifunga kombo, na jasho lilimchuruzika mpaka kidevuni. Hakumtazama Schola. Alikwenda moja kwa moja kaunta.

"Afande, spika hizo ni zangu. Nilizipitisha Rombo. Yeye hakujua zimepitaje."

"Wewe nani?"

"Kasmir."

"Kasmir yuko Moshi."

"Aliyejibu simu ni mimi."

Afande alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Umekuja kwa miguu yako?"

"Ndiyo."

"Hiyo leo ni ya kwanza." Akafungua daftari. "Eleza."

Alieleza yote, njia na mkokoteni na ndizi. Alipomaliza, Schola aliinuka akasimama ubavuni pake.

"Afande, naweza kumuuliza jambo moja?"

"Uliza, mwalimu. Mimi naandika."

"Ile habari ya kulainika. Ulinidanganya?"

"Mwanzo hapana. Niliamini. Baba Candida alipochukuliwa niliogopa, nikataka zikae kwako, kwako kulikuwa salama. Basi kila nilipokuja nikawa nazisikia nzuri zaidi. Nilizisikia kweli, Schola. Naapa. Ile besi niliisikia."

"Besi gani?" afande aliuliza bila kuinua kichwa.

"Haikuwapo," Schola alisema. "Na simu?"

"Simu nilidanganya."

"Mbona umekuja?"

"Ulipokata..."

"Mimi sikukata."

"Nilipokata. Baba mdogo aliniuliza ni nani. Nikamwambia wamekosea namba. Nikaona nimelisema vizuri kabisa, bila kutetemeka, na yeye amekubali. Nikajua nikilala nalo usiku mmoja, asubuhi nitakuwa naliamini kama nilivyoamini zile spika. Nikatoka kabla sijavaa sawasawa."

Schola alimtazama. Hakuna kipimo alichokuwa nacho cha kupima maneno yale. Alichoweza kuthibitisha ni kwamba mtu aliyekuwa na mlango wa nyuma alikuwa amesimama mbele ya kaunta ya polisi.

"Naogopa," Kasmir alisema polepole.

"Hata mimi."

"Mkanda na viatu," afande alisema. "Weka hapa. Mwalimu, weka sahihi, uende. Utaitwa."

Kasmir alivua. Schola aliweka sahihi, kisha akamfungua vifungo vile vya kombo na kuvifunga upya, kimoja kimoja, mbele ya watu wote wa benchi. Alipofika cha mwisho aliitoa ile khanga ya Bi Waridi mabegani, akamkabidhi.

"Sakafu ni baridi," alisema. "Harusi siwezi kukujibu leo."

"Sijakuuliza."

"Afande, mahabusu huonwa saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Foleni yake ndefu siku hizi."

Askari alimshika Kasmir kiwiko, wakaingia ndani. Mlango wa chuma ulifungwa.

Ijumaa, saa mbili kamili, kituo kilipofungua dirisha la wageni, Scholastika alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na chupa ya chai.