Mzigo Usiotuliwa

Jioni ile tulikuwa tunatafuta maji ya kunywa. Maji tu.

Tulikuwa Busisi, mimi na mdogo wangu Pius, siku ya pili ya wiki yetu ya mazoezi. Mwezi Mei tulitakiwa kuanza safari yenyewe, kutoka Mwanza mpaka Namugongo, Uganda, kuhiji kwa Mashahidi, kwa miguu. Nadhiri ilikuwa ya mama. Pius alipoanguka na bodaboda akalala kitandani bila kuhisi miguu, mama alimwahidi Mungu kwamba mtoto akisimama, wanawe watatembea mpaka Namugongo. Aliahidi miguu yetu, si ya kwake. Ndivyo alivyo mama.

Pius akasimama. Daktari akasema atatembea vizuri, ila asibebe kitu kizito maisha yake yote, maana mfupa wa mgongo ukihama tena ndiyo basi. Kwa hiyo nikapanga wiki nzima ya kujaribu: kutoka nyumbani Pasiansi mpaka Geita na kurudi, tuone kama mgongo unakubali. Turubai, sufuria, unga na viatu vya akiba vilikuwa mgongoni kwangu, pamoja na chupa mbili za mchanga nilizoweka makusudi ili mabega yazoee uzito. Yeye nilimpa mkoba mdogo wenye maji na rozari.

Watu husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwetu methali hiyo imegoma. Mama mmoja, titi moja, lakini Pius anamsalimia hata mlevi aliyelala mtaroni, na mimi nauza mabati Igoma, mteja akiniuliza bei mara mbili namwambia akanunue kwingine. Sijawahi kujutia ulimi wangu.

Tulivuka daraja jua likiwa linashuka. Magari yalipita juu na kwenda zake Sengerema. Sisi tulishika barabara ya zamani inayoteremka ziwani, pale kivuko kilipokuwa kikitia nanga, tukitumaini kupata duka, maana maji ya mkobani yalikuwa yameisha. Tangu daraja lifunguliwe, huko chini pamebaki vibanda vitupu. Mabati yalikuwa yanagongana kwa upepo. Ng'wa... ng'wa...

Mwisho wa barabara, pale saruji inapoingia majini, alisimama bibi mmoja. Alitugeuzia mgongo, ametazama ziwa. Kichwani alikuwa na mzigo uliofungwa kwa kitenge kilichochakaa, ameushika kwa mikono miwili.

"Twende zetu," nikanong'ona. Sikupenda jinsi alivyosimama. Kivuko hakipo. Alikuwa anasubiri nini?

Lakini Pius alikuwa ameshateremka.

"Shikamoo, bibi. Pole na mzigo. Lete nikupokee."

Hakuna mtu aliyelelewa vizuri nchi hii ambaye hajawahi kusema maneno hayo. Bibi akageuka mwili mzima, shingo haikugeuka. Akamtazama Pius muda mrefu. Machozi yakaanza kumtoka.

"Umesema mwenyewe?" akauliza, sauti haizidi pumzi.

"Ndiyo, bibi."

"Basi pokea, ng'wanone. Pokea, mwanangu."

Nilipiga kelele kuhusu mgongo wa Pius. Nilichelewa. Alikuwa ameshautwaa mzigo na kuuweka kichwani, anacheka.

"Mwepesi, dada! Kama hamna kitu."

Bibi aligeuza shingo kushoto. Nikasikia mifupa. Ko... ko... ko... Akaigeuza kulia. Kisha akaketi kwenye saruji taratibu, akashusha pumzi, akatulia. Harufu ya udongo mbichi ikanijaa puani, kama vile mtu amechimba shimo hapohapo.

"Niupeleke wapi, bibi?" Pius akauliza.

"Bibi?"

Nikamgusa bega. Alikuwa wa baridi, mkavu, kama mtu aliyekufa tangu jana.

"Tua huo mzigo," nikamwambia Pius. "Tua, tuondoke."

Hakutua.

"Pius!"

"Mikono haitaki, dada." Hakuwa anacheka tena. "Naiambia ishuke, haitaki."

Nikaushika mzigo na kuuvuta kwa nguvu zangu zote. Ndani kulikuwa na kitu laini, na kilikuwa na joto. Pius akapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia hata siku ya ajali. Nikauachia. Mzigo ulikuwa umekaa vilevile.

Mlango wa kibanda cha mwisho ulifunguka nusu. Mwanamume wa makamo akachungulia, akamwona bibi chini, akamwona Pius. Akavua kofia. Baadaye alituambia anaitwa Yeremia, aliwahi kuuza samaki wa kukaanga kwa abiria wa kivuko. Hakututolea hata kiti. Alisimama mbali, mikono nyuma.

"Hautuliwi," alisema. "Hupokelewa tu. Na anayeupokea lazima aseme mwenyewe, kwa hiari yake."

"Una nini ndani?"

"Sijui, dada. Bibi alishuka nao kwenye kivuko miaka mingi iliyopita, mimi nikiwa kijana. Hakuongea na mtu. Watoto wakimsogelea anawatupia mawe. Tulimwita mchawi, tukamtukana sana." Akamtazama yule bibi. "Leo hakuwatupia jiwe?"

"Hapana."

"Basi alichoka."

Nilisimama pale nikaelewa yote kwa mara moja. Neno moja tu, na mdogo wangu yuko huru. Pius alikuwa ananitazama.

"Dada," akasema, "usiseme."

Sikusema. Nilikuwa naogopa, ndiyo kweli yake.

Yeremia akaahidi kumzika bibi. Sisi tukalala kwenye kibanda kitupu, au tuseme mimi nililala. Pius alikaa ameegemea mbao, mzigo kichwani, macho wazi. Kila nilipozinduka nilisikia mnong'ono, nikadhani anasali rozari.

Alfajiri shingo yake ilikuwa imezama mabegani.

"Umekuwa mzito," alisema.

Nikaamua turudi nyumbani, kwa padre wetu. Sikuwa na akili nyingine. Nikasimamisha basi la Mwanza. Konda akaruka chini kabla halijasimama vizuri, kijana mchangamfu, mikono mbele: "Karibu kaka, lete huo mzigo niku..."

"Toka hapa, mbwa wewe!" nikamkemea. "Nani kakuita? Mwizi mkubwa!"

Akarukia tena mlangoni. Basi likaondoka likitutukana kwa honi. La pili hivyohivyo. Ndipo nikajua hatuwezi kupanda gari lolote. Tutatembea.

Sijawahi kuona watu wenye adabu kama siku ile. Walitoka wapi wote? Mzee wa baiskeli pale darajani. Wamama watatu wanatoka sokoni, wenyewe wamebeba, bado wanataka kumsaidia mgonjwa. Askari wa barabarani. Kila mmoja alimwona kijana aliyepinda, anatetemeka, jasho linamtoka, na kila mmoja alifungua mdomo kusema neno lilelile. Nami niliwawahi. Nilitukana wazazi wao, dini zao, sura zao. Mama mmoja alilia. Sikuwahi kufikiri ulimi wangu mbaya una kazi duniani, na siku hiyo ulifanya kazi mpaka koo likatoa damu.

Usagara tukakutana na wanafunzi wanatoka shule. Walitukimbilia kundi zima.

"Shikamoo kaka! Shikamoo dada!"

Nikawatukana. Wakacheka, watoto hawajui matusi ya kweli na ya mchezo. Binti mmoja mdogo, sweta limetoboka kiwiko, akanyoosha mikono.

"Kaka, niku..."

Jiwe likampata mguuni. Akaanguka, akalia, wenzake wakatawanyika.

Nilikuwa nimelirusha mimi. Niliutazama mkono wangu, nikamkumbuka yule bibi pale kwenye saruji, peke yake miaka yote hiyo. Nikalia nikitembea.

Jioni tukaingia Pasiansi. Pius hakuweza tena kuinua uso. Kila hatua mgongo wake ulitoa mlio mdogo... tk... tk... nami nilihesabu kwamba hautavuka usiku huo.

"Dada," akanong'ona. "Kinaongea."

"Nini kinaongea?"

"Cha humu ndani. Tangu jana. Kinauliza nyumbani kuna nani."

"Usikijibu! Pius, unasikia? Usikijibu!"

"Nimeshajibu." Alianza kulia. "Kimeniuliza kwa heshima, dada. Kimeniamkia kwanza. Kimeniambia shikamoo."

Nilikuwa nimepanga nitangulie, nimfungie mama chumbani, ndipo Pius apite. Mipango yangu. Mama alikuwa nje ya geti, anamwagilia mchicha. Akatuona. Ndoo ikaanguka.

"Mama, rudi ndani!" nikapiga kelele. "Rudi ndani, mwanamke mjinga wewe! Funga mlango!"

Barabarani matusi yangu yalimzuia kila mtu. Mama hata hakuyasikia. Amezoea kelele zangu tangu nanyonya. Alikuja mbio, anajifuta mikono kwenye kanga, anamtazama Pius peke yake, mtoto aliyemwombea mwaka mzima.

"Jamani mwanangu! Mgongo wako! Nani kakubebesha? Lete, lete mama niku..."

"Pius, nikupokee!"

Sauti ilikuwa yangu.

Hata mimi sikuitegemea. Mimi, ambaye sijawahi kumpokea mtu hata mfuko wa nyanya.

Pius akasema hapana, lakini mikono yake ilishanyooka kwangu yenyewe. Mzigo ukahama. Alidondoka magotini, shingo wima, anapumua kama mtu aliyeibuka majini. Mama akamkumbatia. Na mimi nikasimama pale, mzigo kichwani, nikashangaa.

Mwepesi. Kama hamna kitu.

Sikumsubiri mama aniangalie. Niligeuka, nikaondoka nikikimbia kuelekea ziwani.

Padre alinitafuta akanikuta Igoma, nyuma ya stendi. Ni mtu mwema, amelelewa vizuri. Nilimrushia mawe mpaka akarudi kwenye gari, akasali kwa mbali na kuninyunyizia maji ya baraka yasiyonifikia. Wateja wangu wa mabati wanavuka barabara wakiniona. Watoto wananiita mchawi. Waache waniite, ndivyo ninavyotaka.

Najaribu kwenda mbali. Asubuhi natembea kwa nguvu zangu zote, siku moja nilifika karibu na Usagara. Adhuhuri miguu inaanza kugeuka. Siigeuzi mimi. Jioni inanikuta hapahapa Pasiansi, mbele ya geti letu. Kilipokuwa kwa Pius kilikuwa kinauliza maswali. Kwangu hakiulizi chochote. Kimeshaambiwa.

Na kimekuwa kizito. Sasa najua kwa nini yule bibi alilia.

Kila jioni nawatukana kupitia geti, wasitoke. Mama anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ili asinisikie, na hafungui, kwa sababu Pius amemweleza kila kitu na kumshikilia. Nashukuru. Pius mgongo wake umepona kabisa. Nilimpigia kelele aende Namugongo, aende sasa hivi, nadhiri ni nadhiri, aniombee huko. Ameshafunga begi. Haendi.

Leo nimefika mapema kuliko siku zote. Mama hajarudi kutoka sala za jumuiya. Taa ya sebuleni inawaka na nasikia kandambili za Pius ndani.

Nimeanza na matusi ya kawaida. Kandambili zimesimama. Nikaona hayatoshi, nikasema makubwa. Nikamwambia ni mzigo tangu azaliwe. Nikamwambia siku ya ajali niliomba afe, tupumzike. Uongo mtupu, na umenichoma kuliko uzito huu, lakini nimeusema wote, kwa sauti, majirani wakisikia.

Kandambili hazikusikika tena.

Nikamshukuru Mungu. Nikadhani nimemvunja moyo, atabaki ndani.

"Dada," akasema, karibu sana, nyuma tu ya geti. Sauti yake ileile ya upole. "Najua husemi kweli."

"Rudi ndani, Pius."

"Umechoka."

"Sijachoka! Rudi ndani!"

Juu ya kichwa changu, ndani ya kitenge, kitu kimejigeuza taratibu, kikakaa vizuri.

Nasikia komeo linavutwa.