Tumbo la Daktari

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, binti wa fundi cherehani alifagia chumba cha mbele, ambacho ndicho kilikuwa duka la mama yake. Aliokota pini kwa sumaku, akakusanya vipande vya vitambaa kwenye gunia na kupanga nyuzi kwa rangi zake. Kazi hiyo aliipenda. Alichokichukia ni wateja waliofika kabla hajaondoka.

Mtaa mzima ulimwita Daktari, na umri wake miaka kumi na miwili tu! Jina lilitoka kwa mama. Mama hakuweza kumpima mteja kiuno bila kumsimulia habari za bintiye: tangu darasa la kwanza hajawahi kushuka kutoka namba moja, na siku moja atakuwa daktari, watu watasema. Mteja aligeuka na kumwambia binti asije akawasahau, nao wakacheka. Daktari naye alicheka, lakini tumbo lilimsokota kama nguo inayokamuliwa.

Mwanzoni lilisokota kidogo. Kisha likawa linasokota kila siku ya jaribio. Mikono ilitetemeka, moyo ukamwenda mbio, na mambo aliyoyajua jana yakamtoka yote kichwani. Siku ya jaribio la hisabati aliumwa kweli, akarudishwa nyumbani kabla hajaandika hata jina. Siku ya jaribio la sayansi haikuwa kweli. Alijikunja kitandani, akaguna, mama akaamini. Nafuu aliyoipata ilimtisha kuliko ugonjwa wenyewe, maana alionja kuwa uongo una utamu wake.

Mwalimu wa darasa, mtu wa maneno machache, akaandika barua. Mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa umebakiza wiki nne. Asiyeufanya angerudia darasa, hata awe hodari vipi.

Mama alifunga duka, akampeleka zahanati. Tabibu alimminya tumbo, akampima damu, hakuona kitu. Akamuuliza mawili matatu kuhusu shule, akamwona anavyotazama sakafu. Basi akamwambia mama kwamba tumbo ni zima, ila mwenye tumbo ana jambo. Zahanati ile ilishirikiana na mshauri nasaha aliyekuwa mji mwingine, ambaye alizungumza na watoto kwa simu ya video, kila Jumatano saa kumi jioni. Mtaani watu waliposikia Daktari anaumwa walitania kwamba mganga hajigangi. Mama hakucheka.

Jumatano ya kwanza Daktari alikaa kitandani katika chumba cha nyuma, kilichotengwa na duka kwa pazia tu. Simu ya mama aliiegemeza kwenye kopo la vifungo. Kwenye kioo akatokea mshauri, mwanamke wa makamo mwenye miwani, akasema yeye aitwe shangazi tu. Aliuliza mambo mepesi: anapenda somo gani, anacheza na nani. Upande wa pili wa pazia cherehani ililia, naye Daktari akaanza kufunguka. Ndipo shangazi akauliza siku ya jaribio huwa inakuwaje. Daktari alishusha sauti ajibu, na papo hapo cherehani ikanyamaza. Akasema hakuna tatizo, ni tumbo tu.

Jumatano ya pili ikawa yale yale. Cherehani ikilia, anaongea. Ikisimama, mdomo unafungwa. Alikuwa na hakika mama amesimamisha kazi ili asikilize. Angesemaje, mama katega sikio, kwamba anayemtia hofu ni mama huyo huyo?

Jumatano ya tatu shangazi alivua miwani.

"Mwanangu, nimekuwa nikisikiliza vitu viwili, wewe na hiyo cherehani. Ikilia, unanieleza. Ikinyamaza, unapona ghafla. Unaogopa nani atakusikia?"

Daktari alicheka, halafu machozi yakamtoka bila kuitwa. Akanong'ona, "Mama."

Shangazi aliomba ruhusa amwite mama kidogo. Daktari alifikiri sana, akakubali. Mama alikuja na utepe wa kupimia shingoni, na alipoelezwa habari ya cherehani alishangaa mpaka akakaa chini. Kumbe alikuwa akiisimamisha makusudi, akihofia kelele zake! Kila aliposikia sauti ya mtoto inashuka, aliondoa mguu kwenye kanyagio ili mshauri asikose neno, akakaa kimya kazi za watu zikimsubiri. Yeye mwenyewe hakuambulia ila minong'ono. Huruma yake ndiyo iliyomziba mtoto mdomo.

"Basi, dada," shangazi alisema, "kwa nusu saa hii nisaidie jambo moja. Shona."

Mama akaenda kushona. Wee, alishona! Nguo za wateja zilipokwisha alichukua kitambaa chakavu, akakipitisha huku na huko, ilimradi cherehani isinyamaze. Nyuma ya pazia Daktari akatoa yote. Alisema anaogopa kuwa wa pili, kwa sababu hajui mama atawaambia nini wateja. Alisema siku ya sayansi hakuwa mgonjwa, alidanganya. Alipomaliza alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani.

Shangazi hakumkemea. Alimfundisha kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, kuvuta pumzi akihesabu mpaka nne na kuishusha akihesabu mpaka sita, kisha kuanza na swali analolijua, hata kama ni la mwisho kwenye karatasi. Walifanya mazoezi pamoja mpaka mtoto akapiga miayo. Lakini kuhusu ule uongo hakuzunguka.

"Hilo si langu kulisema. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwambie mama leo, kwa mdomo wako."

Daktari alimwambia mama jioni hiyo hiyo, wakikunja nguo. Mama aliumia, na alisema kwamba ameumia. Hakulala na hasira, lakini asubuhi walifuatana mpaka kwa mwalimu wa darasa, Daktari akakiri mwenyewe. Mwalimu akamkalisha baada ya masomo alifanye jaribio la sayansi peke yake. Aliogopa, akahesabu pumzi, akalimaliza.

Mama naye alibadilika. Mteja alipoanza habari za namba moja, alimwambia kwa upole, "Leo tupime kiuno tu."

Siku ya mtihani ilipofika mikono ilitetemeka vilevile. Daktari akakanyaga sakafu, akavuta pumzi mara tano, akaanza na swali la tisa. Kutoka la tisa akaenda la nne, kutoka la nne akarudi la kwanza, na kengele ilipolia alikuwa ameshaweka kalamu chini. Matokeo yalipobandikwa ukutani alikuwa wa nne. Alisimama pale akisubiri tumbo lisokote. Likanguruma, ila kwa njaa.

Alikimbia nyumbani. "Wa nne, mama!"

Mama aliweka mkasi mezani, akamvuta karibu.

"Hongera, mwanangu. Sasa nisikilize. Mteja nguo ikimbana akanyamaza kwa kuniogopa, itakuja kumpasukia mbele za watu. Fundi hata awe bingwa, hajui nguo inabana wapi mpaka aliyeivaa aseme. Mimi nilikuvisha sifa bila kukupima, hilo kosa langu. Wewe ulinyamaza, kisha ukadanganya, hilo lako. Siku nyingine likikubana jambo, liseme mapema, kwangu, kwa mwalimu au kwa shangazi, tungali na nafasi ya kulitanua."

"Nimesikia, mama," Daktari alisema. Halafu akauliza kama kuna chakula, akala sahani mbili.