Mionzi ya Nyumba ya Ikonge

Ilikuwa siku ya soko Daraja Mbili, mjini Kisii. Jasper Ongeri alikuwa akisimamia ndizi zikipakiwa kwenye lori la Nairobi alipomwona msichana mwenye sketi ya kitenge na gambuti za mpira za njano amesimama mbele ya rundo lake. Begani alikuwa amening'iniza kisanduku kilicholia ti, ti, ti.

"Dada, hizo ndizi haziongei," Jasper alisema. "Ukitaka bei niulize mimi."

"Sinunui. Napima mionzi."

"Kwa ndizi zangu?"

"Kila mahali. Ardhini, ukutani, hata mwilini mwako. Ndizi zina mionzi kidogo sana, haimdhuru mtu."

"Sema polepole basi. Wateja wangu hawakusoma fizikia."

Msichana akacheka. Aliitwa Linet Mong'ina, mwanafunzi wa uzamili kutoka Nyacheki. Alikuwa akizunguka Kisii na Nyamira kupima miale ya gama inayotoka kwenye udongo na mawe, ili vipimo hivyo viwekwe mtandaoni, wanasayansi wa popote wavitumie. Jasper alimnunulia soda, na kabla ya chupa kuisha alikuwa na namba yake ya simu.

Tangu hapo alimpigia kila jioni.

"Dokta, leo umepima nini?"

"Ukuta wa kanisa, shamba la chai, na mbwa akanifukuza."

"Naye alikuwa na mionzi?"

"Alikuwa na meno, mpenzi."

Mvua za masika zilipoanza, Jasper alimpeleka Ikonge kwa mama yake, Esnah, kwenye nyumba ya mawe aliyomjengea. Linet aliomba ruhusa ya kupima, akapewa. Sebuleni kisanduku kikalia kwa kasi. Kipimo kilikuwa mara mbili ya nyumba za jirani; mawe yale yalikuwa na madini yenye mionzi zaidi. Esnah alipouliza, Linet alisema kipimo kiko juu kidogo, wataongea baadaye. Kisha chai ikaletwa, wakacheka, na habari ya kipimo haikutajwa tena.

Vipimo vikatoka mtandaoni pamoja na ramani iliyoonyesha kila nyumba. Mtu fulani akaipiga picha ile ramani na kuisambaza kwenye WhatsApp ya kijiji: nyumba yenye sumu Ikonge. Majirani wakaacha kuingia kwa Esnah. Wanunuzi wakazikataa ndizi za Jasper.

"Linet, mama analala kwenye jiko la nje," Jasper alisema kwenye simu. "Ameogopa nyumba yake mwenyewe."

"Jasper, haina hatari. Kipimo kimezidi cha nyumba za jirani tu, lakini bado..."

"Kwa nini nimeyajua haya kwa simu ya mtu mwingine?"

Linet akaanza kueleza, Jasper akamkatiza.

"Futa hiyo namba ya nyumba ya mama."

"Siwezi. Nikifuta moja kwa sababu nakupenda, hizo zingine nani ataziamini?"

"Sawa. Baki nazo."

Simu ikakatika, na jioni zilizofuata haikulia. Linet aliendelea kuzunguka na kisanduku chake, lakini alikula kwa shida. Namba haikumsumbua, ilikuwa ya kweli. Kilichomkera ni ile chai aliyokunywa huku amenyamaza. Mwishowe alimwendea msimamizi wake, wakakubaliana kuondoa mahali kamili pa kila nyumba iliyopimwa na kuacha jina la wadi tu.

Halafu akaenda Ikonge asubuhi, wakulima wakiwa wamepanga foleni na majani yao kwenye kituo cha chai. Aliwaeleza kwa Ekegusii, lugha ya kwao, kwamba mawe mengi yana mionzi, kwamba ya nyumba ile haijafika kiwango cha kutisha, na kwamba madirisha yafunguliwe ili gesi kidogo itokayo kwenye mawe ipate kutoka. Esnah alikuwa kwenye foleni. Linet akamgeukia mbele ya wote.

"Mama, ulinikaribisha kwako, nami sikukuambia nilichokiona. Nisamehe."

Esnah akatua kikapu chake cha majani. "Twende unisaidie kurudisha godoro chumbani," akasema.

Jasper alipofika kutoka Kisii, aliwakuta uani, godoro katikati yao, gambuti za Linet zimejaa matope. Akampokea mama yake upande wake, yeye na Linet wakaliingiza ndani.

"Ulifuta?" aliuliza walipolishusha.

"Namba ipo. Nimeondoa mahali. Hakuna atakayeijua tena nyumba ya mama kwa ramani."

Jasper akafungua dirisha, akabaki ameshika komeo.

"Ungeniambia siku ile."

"Niliogopa ungebadilika."

"Na nilibadilika." Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Sikukuuliza hata swali moja la maana. Nilikuambia tu ufute."

Kutoka uani walimsikia Esnah akimwita jirani aje anywe uji. Jirani akaitika, na hatua zake zikasikika zikija.

"Wazee wangu wakija kwenu Nyacheki kuleta posa," Jasper alisema taratibu, "watapata pa kukaa?"

Linet alifuta matope mikononi kwa kitenge chake, polepole.

"Watapata. Lakini baba ana maswali mengi."

"Nitayajibu."

"Mengine hutayapenda."

"Hayo ndiyo nitakayoanza nayo."