Maandishi ya Chaki kwenye Mlango wa Ghala

Miao Guilan alikuwa bado hajajua kupika uji wa mtu mmoja. Kila asubuhi ulibaki, na kila asubuhi aliwapa kuku.

Mumewe, Shouren, alifariki majira ya baridi yaliyopita. Mtoto wao, Haibo, alikuwa akifanya kazi mjini Tianjin. Siku moja alipiga simu.

"Mama, shamba mpe mtu alime. Njoo ukae na sisi."

"Na kuku?"

"Mama, nani anazungumzia kuku?"

Wakakubaliana. Guilan apande ngano mwaka huu. Ikistawi, atabaki kijijini. Ikikataa, atahamia ghorofa ya kumi na moja, mahali ambapo hamjui mtu.

Guilan hakuwa na wasiwasi. Kwenye mlango wa ghala palikuwa na maandishi ya Shouren, kwa chaki: "Ngano. Mwezi wa nane, siku ya ishirini." Aliyasoma kila siku, polepole, kama mtu anayesikiliza.

Siku ya pili ya mwezi wa nane, kwa kalenda ya wazee, trekta lilisimama nje. Dereva alikuwa Duan Yongcai, jirani anayewapandia ngano watu wote wa kijiji.

"Shemeji! Lete mbegu. Leo ni Qiufen, mchana na usiku vimelingana."

"Una haraka ya nini? Bado siku kumi na nane."

"Kumi na nane! Unataka kupanda ngano au kupanda barafu?"

"Usinicheke. Kaka yako ameandika mwenyewe. Njoo usome."

Yongcai alisoma. Akavua kofia.

"Kweli, ni mwandiko wake. Lakini ni wa mwaka jana, shemeji."

"Mwaka jana na mwaka huu vina tofauti gani?"

Yongcai akaketi juu ya mfuko wa mbolea.

"Tarehe hii inahesabiwa kwa mwezi wa angani. Mwezi hauendi sawa na jua; miezi kumi na miwili haitoshi mwaka wa jua. Kwa hiyo kila baada ya miaka miwili au mitatu tunaongeza mwezi mmoja. Mwaka huu mwezi wa sita ulikuja mara mbili, ndiyo maana wa nane umechelewa. Umesahau?"

"Nisahau vipi? Nimeikaa yote miwili peke yangu."

Yongcai akaizungusha kofia mikononi.

"Ngano inafuata jua," akasema taratibu. "Na Qiufen inafuata jua. Mwaka wa jua umegawanywa vipindi ishirini na vinne, na Qiufen ni kimojawapo. Wazee walipotuimbia habari za ngano, walitaja vipindi hivyo. Mwezi wa nane hawakuutaja. Mwaka jana Qiufen iliangukia siku ya ishirini. Mwaka huu ni leo. Tazama kalenda ya serikali: kila mwaka utaikuta tarehe ishirini na mbili au ishirini na tatu Septemba."

"Na nikingoja?"

"Baridi itaikuta ngano bado changa, haijatoa machipukizi. Masuke utayahesabu kwa vidole."

"Mbona Shouren hakuniambia?"

"Alikuwa anafuta na kuandika upya kila mwaka. Angalia mbao."

Guilan akasogea karibu. Chini ya maandishi, mbao zilikuwa na weupe wa chaki ya zamani, miaka juu ya miaka. Alikuwa amepita hapo kila siku na hakuwahi kuuona.

Akaleta kitambaa kibichi. Akakikunja, akakikunjua.

"Nikifuta, nitabaki na nini?"

Yongcai akainuka, akavaa kofia. Akatoka kwenda kuwasha trekta.

Guilan alisimama muda mrefu. Kisha akafuta tarehe peke yake. Neno "Ngano" akaliacha. Pembeni yake akaandika, kwa herufi zilizopinda: "Qiufen."

Akabeba mbegu, akatoka.

Kabla ya baridi kali, kila mche ulikuwa umetoa machipukizi matatu au manne. Theluji ikafunika shamba. Guilan aliendelea kula peke yake, na uji uliendelea kubaki. Lakini jioni alikuwa na mahali pa kwenda: ukingoni mwa shamba.

Mwezi Juni, Haibo alikuja kuvuna. Magunia yalijaa mpaka mlangoni. Hakusema lolote tena juu ya ghorofa ya kumi na moja.

"Mama," aliuliza, "nani ameandika hapa?"

"Neno la kwanza ni la baba yako," Guilan alisema. "La pili ni langu."