Samaki wa Kioo wa Bibi Veturia

Jumamosi ya kwanza ya Septemba, soko la Iosefin mjini Timișoara, Romania, hufurika pilipili hoho nyekundu hadi mtu akose pa kuweka mguu. Smaranda aliichagua siku hiyo makusudi. Alisimama kati ya wauza biringani na wauza jibini, amevaa koti lake la manjano lililomfika magotini, ameshika kipande cha boksi kilichoandikwa kwa rangi nyeusi: NAAZIMA SAMAKI WA KIOO.

"Samaki wako kule mwisho, dada," sauti ilimwambia. "Ila wa kioo wamewaishia."

Aligeuka. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi, jambo ambalo Smaranda hakuwahi kuliona kwa fundi yeyote, na begani amebeba gunia la hoho.

"Sitaki wa kula. Nataka wale wa pambo, wanaowekwa juu ya televisheni."

"Aa, wale." Mwanamume akalitua gunia. "Wa kwetu bibi yangu hamruhusu mtu hata kumpangusa vumbi. Unawatakia nini?"

Smaranda alimweleza. Alikuwa msanii, na jiji lilimpa karakana ya zamani ya tramu, zile treni za mitaani, kwa mwezi mmoja. Humo alitaka kujenga nyumba isiyo na kuta: televisheni kuukuu mia tatu na zaidi, juu ya kila moja kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa samaki wa kioo wa familia fulani.

"Kila ninayemuuliza anaapa wa kwao hana mfano," alisema. "Wote wanafanana kama mayai. Nataka watu watembee humo, kila mmoja amtafute wa kwao."

"Na wa kwenu utamweka wapi?"

"Wa kwetu aliuzwa pamoja na kabati."

Alilisema haraka, kama alivyozoea. Alikuwa na miaka tisa mama yake alipokwenda Italia kutunza wazee wa watu. Nyumba ikauzwa, na Smaranda akalelewa na mashangazi wanne kwa zamu, begi lake halifunguliwi lote. Sasa alikuwa na miaka thelathini na mbili, na begi bado halijafunguliwa lote.

Yule fundi hakusema pole. Alichukua kalamu akaandika namba ya simu nyuma ya lile boksi. "Tiberiu, fundi wa lifti. Bibi nitamwomba mimi. Akinifukuza, utanihifadhi kwenye karakana yako."

Wiki ile ile wakaanza kupigiana simu, na simu ikianza mambo hayakawii.

"Uko wapi?" Smaranda angeuliza.

"Ghorofa ya tisa, nimening'inia kwenye waya, nakuwaza."

"Ning'inia vizuri kwanza, Tibi. Mawazo yatakusubiri chini."

Bibi Veturia, aliyemlea Tiberiu, alikubali baada ya siku nne za kununa. Tiberiu akiwa kazini, Smaranda alipanda hadi ghorofa ya nne, akabusu mkono wa bibi kama inavyopasa kumwamkia mzee, akakabidhiwa samaki aliyeviringishwa kwenye taulo. Akamfunga uzi wenye jina tumboni, akaandika daftarini: wa mia tatu na kumi na mbili, na wa mwisho.

"Utamrudisha?" bibi aliuliza, bila kumtazama usoni.

"Nitamrudisha mwenyewe, bibi, kwa mikono yangu."

Maonyesho yalifunguliwa Oktoba, na mji mzima ukaja. Watu waliingia wakicheka, wakatoka wakipenga kamasi. Wazee waligombana mbele ya samaki wekundu na wa kijani, kila mmoja akidai huyu ndiye. Tiberiu, katika shati jeupe lililomkaba shingo, alizunguka karakana mara mbili na wa kwao hakumtambua.

"Nimeshindwa," alimnong'oneza Smaranda. "Wa kwetu ana pengo kwenye pezi, nililivunja kwa mpira nikiwa na miaka sita. Lakini kwa mbali siwezi kuliona, na umetukataza kugusa."

"Hiyo ndiyo maana ya kazi yenyewe, mpenzi."

"Basi nikuulize jambo lisilo la sanaa. Hamia kwetu. Bibi anakupenda, ingawa anasema huna nyama mwilini." Akalishika koti la manjano kwenye kola. "Mwezi mzima sasa unakuja kula kwetu na hujawahi kulivua hili. Umeshonewa?"

Smaranda alicheka. Alitaka kusema ndiyo. Badala yake alimwambia ampe muda hadi arudishe samaki wote.

Ikawa hivyo. Novemba nzima alizunguka na masanduku, nyumba kwa nyumba, na wa Bibi Veturia akamweka wa mwisho makusudi, ili samaki na jibu vifike pamoja. Alinunua na keki. Tiberiu alimpokea samaki mlangoni, akambeba hadi kwenye televisheni kongwe iliyokufa siku nyingi, iliyobaki pale sebuleni kwa kazi hiyo moja tu ya kumbeba samaki. Akapitisha kidole gumba juu ya pezi. Akapitisha tena.

"Huyu si wetu."

"Ni wenu, Tibi. Uzi uko tumboni, jina la bibi hili hapa."

"Uzi hauna pengo. Pezi lilikuwa na pengo." Akageuka. "Bibi, njoo uone."

Bibi Veturia alikuwa dirishani, ametupa macho mtaani. "Macho yangu yameisha, mwanangu. Mimi sijui."

"Smaranda, bibi alikupa kitu kimoja tu," Tiberiu alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo iliuma zaidi. "Kimoja. Babu alimpa siku ya arusi yao. Lakini pengine ni kosa letu. Mtu asiyewahi kuwa na kwao atajuaje uzito wa kitu cha mtu?"

Smaranda aliiweka keki mezani, akafunga vifungo vya koti, akashuka ngazi. Lifti ilikuwa nzima, maana fundi wake aliishi hapo hapo, lakini hakuitaka.

Siku ya tatu simu ililia.

"Nimekosa," Tiberiu alisema. "Lile neno halikuwa la kumwambia mtu, sembuse wewe. Naomba lirudi."

"Neno si samaki, Tibi. Halirudishwi."

"Basi uje unitukane ana kwa ana."

"Nitakuja nikimpata. Nina nyumba mia tatu na kumi na moja za kupitia."

"Achana naye huyo samaki."

"Siwezi. Bibi yako aliniuliza kama nitamrudisha, nikasema ndiyo."

Alikata, akalia kidogo, akavaa viatu. Zilimchukua wiki tatu. Aligonga mlango baada ya mlango, akaomba radhi, akapitisha kidole kwenye kila pezi. Alinyweshwa kahawa hadi mikono ikamtetemeka. Wengine walimwonyesha picha za watoto wao walio Uhispania na Ujerumani. Hakuna samaki aliyekuwa na pengo.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mwalimu mstaafu wa ghorofa ya pili, katika jengo lile lile la Bibi Veturia. Hapo napo palikuwa patupu. Smaranda alikuwa ngazini, anatafakari atakavyosema ameshindwa, mlango wa ghorofa ya tatu ulipofunguliwa. Akatoka mama mnene mwenye gauni la maua na rola za nywele kichwani.

"Wewe si yule binti wa samaki?"

"Ndiye mimi. Nabusu mkono wako."

"Mkono acha. Wangu utamrudisha lini?"

"Wewe ni nani, mama? Simkumbuki wako daftarini."

"Atakuwaje daftarini? Mimi ni Florica. Veturia alikuja hapa asubuhi moja na chupa ya hoho za kusindika, akaazima samaki wangu akupe wewe, eti kwa siku mbili. Nikamuuliza, na wako je? Akasema wake hatoki nyumbani. Sasa ni miezi mitatu, na hoho zenyewe zilikuwa na chumvi."

Smaranda alikaa kwenye ngazi, akacheka hadi Bi Florica akaingia ndani kumletea maji. Kisha kicheko kikaisha, akabaki anamwona akilini yule bikizee dirishani, akitazama mtaa usio na kitu.

Alipogonga juu, alifungua Tiberiu. Alikuwa amekonda, ovaroli haikupigwa pasi.

"Nataka kuongea na bibi," Smaranda alisema. "Wawili tu."

Jikoni akafunga mlango, akainama karibu na sikio la bibi. "Bi Florica anamtaka samaki wake. Nipe wako nimtie mkobani, bibi. Nitamwambia Tiberiu nilimchanganya, nimempata kwa watu wengine. Hatajua mtu."

Bibi Veturia alikishika kiti. "Ungebeba kosa langu?"

"Kosa ni jepesi. Nimebeba samaki mia tatu."

"Kila kilichotoka humu hakikurudi," alisema bikizee. "Redio ya mume wangu ilikwenda kwa fundi. Binti yangu alikwenda Uhispania kwa miezi mitatu, leo ni miaka kumi na tisa, mwanawe Tiberiu ameniachia mimi. Ukaja wewe na koti lako, siku zote mguu mmoja nje. Nikasema huyu naye atakwenda na samaki wangu. Kisha ukamrudisha, na nikakuacha ulaumiwe bila kosa. Sijapata usingizi, mwanangu."

Hakungoja kujibiwa. Alikwenda chumbani, kabati likalia, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye shela ya arusi. Hakumpa Smaranda jikoni. Alimpa sebuleni, mbele ya mjukuu wake.

"Huyu hapa mwenye pengo. Alikuwa kwangu. Huyu binti amezunguka mji mzima kutafuta nilichokificha mimi, na sasa hivi alitaka kunidanganyia. Mwombe radhi, kisha na mimi nimwombe."

Tiberiu aligusa pezi, akakaa chini taratibu, kama lifti inayofika.

"Smaranda, sina pa kuuficha uso."

"Uweke hapo hapo. Nilikuwa nimeukosa."

"Nilikuuliza jambo karakanani. Sasa naliuliza vizuri zaidi. Nioe... yaani, nikuoe. Ona, hata kuuliza siwezi."

"Kwanza mrudishe wa Bi Florica."

"Halafu?"

"Nenda, Tibi."

Akashuka mbio na samaki kifuani. Wakamsikia akigonga, kisha sauti ya Bi Florica ikapanda ngazi yote: "Huyu si wangu!"

"Ni wake," Bibi Veturia alisema bila wasiwasi. "Anataka apewe na hoho." Akamkabidhi Smaranda yule mwenye pengo. "Mweke wewe. Mtazamishe mlangoni, ndivyo akaavyo."

Smaranda alimweka juu ya kitambaa cha kufuma, pezi lenye pengo upande wa ukuta, uso mlangoni. Tiberiu aliporejea akihema, na kabla hajafungua mdomo, koti la manjano lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, kati ya ovaroli yake na mtandio wa bibi.