Ini la Mwalimu wa Kwaya

Kila jioni, akishavua sare ya shule, Ndindi alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyehitaji kumkumbusha. Alichukua chupa mbili tupu, akapita nyuma ya jumba la mikutano la mtaa wao wa Kaloleni, akaenda kibandani kwa Mukhwana. Huko alipewa soda mbili baridi na chipsi zilizofungwa kwa gazeti, mafuta yakitona. Vyote vilikuwa vya baba yake, Munyoki, dereva wa lori katika ghala moja kule Viwandani. Hapo chakula chenyewe cha jioni kilikuwa bado hakijateremshwa jikoni.

Zamani Munyoki alikuwa mlevi wa kutajwa. Kisha mwaka 1985 akaokoka, akaiacha pombe siku hiyo hiyo, na hakuigusa tena. Badala yake akashika soda. Alikunywa moja asubuhi na mandazi, mbili akiwa lorini, mbili jioni, na chai yake ilikuwa sukari tupu. Nani angemkemea? Soda ilikuwa kinywaji cha waliookoka, na mgeni wa heshima hakupewa maji. Sauti yake nene ndiyo iliyoongoza kwaya ya kanisa, na Ndindi alijivunia sauti hiyo kuliko kitu chochote.

Jumatano moja ya mwaka 1996, Ndindi alimkuta kibandani Javan, mjukuu wa Mzee Wekulo, yule mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Javan alikuwa na wenzake wawili.

"Niaje, Ndindi," akasema huku akicheka. "Unampelekea buda yako soda ya kuzimua? Tumeskia anapiga keroro kisirisiri. Ati ini limeoza kwa pombe!"

Ndindi hakufikiri. Chipsi zilimpiga Javan usoni kabla hajafunga mdomo, na kama Mukhwana hangeruka meza yake, chupa nazo zingefuata.

"Wewe msichana una wazimu?" Mukhwana akafoka.

Ndindi alizikumbatia chupa zake za soda. Alikwenda nyumbani mbio, machozi ya hasira yakimchuruzika.

Nyumbani alimkuta baba yake ameshika barua ya wazee wa kanisa. Wiki mbili nyuma alikuwa amekwenda kliniki kwa sababu ya maumivu chini ya mbavu za kulia na uchovu usiokwisha. Alipigwa picha ya tumbo, akaambiwa ini lake limejaa mafuta. Mama mmoja wa kanisani aliyekuwa kwenye foleni alilisikia neno "ini", na hilo likamtosha. Maana mtaani, ini na pombe ni mtu na kivuli chake. Midomo ya watu haina kufuli, na sasa wazee walikuwa wameandika: Munyoki asiongoze kwaya hadi atakapokiri dhambi yake. Wangekuja Jumapili alasiri kumsikiliza.

"Miaka kumi na mmoja!" Munyoki alinguruma. "Kumi na mmoja sijaonja hata tone!"

"Baba Ndindi, yaache maneno yao," mkewe Kaluki akasema. "Daktari alikwambia ubadilishe chakula. Tuanze na hilo."

"Nikianza kula chakula cha wagonjwa wa ini, si nitakuwa nimekiri? Watasema, mwoneni, mlevi anajitibu! Siachi kitu. Ndindi, lete soda."

Ndindi alimpa. Lakini maneno ya Javan yalikuwa yamemwingia. Baba yake alipoingia kuoga, alilichukua koti lake la kazi, akalinusa kola, akapekua mifuko. Alipata karatasi ya chipsi na kifuniko cha soda, basi.

"Hata wewe?" Kaluki alikuwa amesimama mlangoni, macho yamewiva. "Hata mtoto wake wa kumzaa?"

Ndindi alitamani ardhi immeze. Aliwachukia Javan, wazee na yule mama wa foleni, lakini jioni hiyo alijichukia yeye mwenyewe zaidi.

Jumamosi Munyoki alikataa katakata kurudi kliniki, kwa hiyo Kaluki alikwenda na Ndindi. Daktari Amolo, mwanamke mrefu asiyependa kuzungusha maneno, aliwakaribisha viti.

"Daktari, baba yangu anakunywa pombe?" Ndindi akauliza hata kabla ya kukaa.

"Nani amekwambia?"

"Kila mtu! Wanasema ini ni pombe."

Daktari Amolo aliweka kalamu chini kwa kishindo. "Nimechoka na msemo huo! Pombe huharibu ini, ni kweli. Lakini si pombe peke yake. Hebu niambie, baba yako hula nini kutwa?"

Ndindi alihesabu kwa vidole: soda, mandazi, chipsi, mkate mweupe na siagi, soseji, chai ya sukari. Kadiri alivyotaja, sauti ilizidi kumpungua. Nusu ya vitu hivyo alivileta yeye kwa mikono yake.

"Sikiliza," daktari akasema kwa upole zaidi. "Sukari ikizidi mwilini, ini huigeuza kuwa mafuta na kuyahifadhi. Ongeza vya kukaangwa, ongeza kukaa kwenye kiti cha lori kutwa. Ukichomwa na mwiba, kidole hufanyaje?"

"Huvimba. Huuma."

"Ni mwili unapigana. Basi chakula cha namna hii kila siku huuchokoza mwili upigane ndani kwa ndani, mahali usipopaona. Ini lililojaa mafuta huvimba, na mwaka baada ya mwaka hupata makovu. Makovu yakishakuwa mengi, hakuna dawa ya kuyafuta. Baba yako hajafika huko. Akibadilika sasa, mafuta hayo yanaweza kupungua. Akikaidi, sijui. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Njiani kurudi, Ndindi alizihesabu kichwani soda zote alizowahi kumpelekea baba yake.

Jumapili wazee watatu walifika. Kaluki, kwa mazoea, aliwapangia soda na mandazi mezani, na mumewe naye akafunguliwa yake. Mzee Wekulo alikohoa.

"Ndugu Munyoki, lisemwalo lipo. Kiri tu, tukuombee."

"Sina la kukiri!" Munyoki aliinuka, mishipa ya shingo imemtoka. "Na ili mjue sina ugonjwa wa walevi, tazameni!" Akaiinua chupa yake mdomoni, akaipiga mafunda mawili makubwa.

Ndindi alishindwa kuvumilia. Alijua mtoto hasemi mbele ya wazee, lakini alimshika baba yake mkono wenye chupa.

"Baba, wacha! Daktari amesema ni hii! Ni hii na chipsi ninazokuletea, si pombe! Unajiua ili uwaonyeshe hawa?" Akawageukia wageni. "Na nyinyi! Nani kati yenu alimuuliza daktari?"

"Mtoto huyu hana adabu!" Mzee Wekulo akafoka.

"Heri waseme wewe ni mlevi, Baba, na uwe hai," Ndindi akalia, "kuliko waje kukusifu kaburini!"

Munyoki alimtazama binti yake. Kisha akaweka chupa chini, akaisukuma mbali.

"Andikeni mnavyotaka," akawaambia wazee kwa sauti ya chini. "Mimi kuanzia leo nitakula nilivyoambiwa na daktari. Kaluki, kuna muthokoi?"

Wazee waliondoka wamenuna. Kwaya iliimba miezi saba bila mwalimu wake, na mtaa ukacheka ulivyotaka. Munyoki alikula muthokoi wake wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, sukuma wiki isiyoogelea mafuta, na matunda. Kinywaji chake kilikuwa maji. Alfajiri alikwenda Viwandani kwa miguu. Mara nyingi alikuwa mkali kwa sababu ya hamu, na Ndindi alikuwa mkali vilevile akimwona anaikaribia sahani ya mandazi.

Picha ya pili ilionyesha mafuta yamepungua sana. Kaluki alipeleka kwa Mzee Wekulo mwenyewe barua ya daktari iliyoeleza kwamba chanzo kilikuwa chakula, si pombe. Jumapili iliyofuata mzee huyo alisimama mbele ya waumini, akaomba msamaha, akamwita Munyoki arudi kwenye kwaya.

Munyoki alisimama. Hakutabasamu.

"Nimesamehe, ingawa bado nina hasira," akasema. "Nina hasira nanyi kwa kunihukumu bila kuuliza. Na nina hasira na nafsi yangu zaidi, kwa sababu nilitaka kufa ili nionekane mtakatifu. Watoto, sikieni. Ini halijui kama umeokoka. Halisomi kadi ya kanisa. Linajua tu kile ulichokiteremsha kooni, kila siku, mwaka baada ya mwaka. Ukiambiwa una ugonjwa, usiwaulize majirani watasemaje. Uliza ufanye nini upone, halafu ufanye."

Kisha akageukia kwaya, akainua mikono, na Ndindi, aliyekaa kati ya waumini, akawa wa kwanza kuimba.